Jimbo la Mtera, Sasa Mvumi: Uchaguzi Usioonekana Katika Orodha ya Matokeo

Mtu akipitia orodha ya matokeo ya ubunge ya Jimbo la Mtera, ambalo tangu mwaka 2020 linaitwa Jimbo la Mvumi, atakuta chama kimoja kikishinda uchaguzi baada ya uchaguzi, na atadhani kwamba watu wa kusini mwa Dodoma hawajawahi kugombania kitu. Nimezaliwa na kukulia huko, na ninajua kwamba si kweli. Mwaka 2010 jimbo hili lilimwondoa bungeni mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi, tena si siku ya uchaguzi mkuu, bali miezi kadhaa kabla yake, katika kura ambazo hazimo katika orodha yoyote ya Tume ya Uchaguzi. Shabaha yangu katika makala hii ni kuonyesha kwamba historia ya uchaguzi wa jimbo letu, na ya majimbo mengi ya mkoa huu, imo hasa ndani ya kura za maoni za chama, yaani kura za ndani za kumpata mgombea wake, na kwamba kumbukumbu za kura hizo zinapotea huku tukiziangalia.

Kwanza niliweke jimbo lenyewe mahali pake. Liko katika Wilaya ya Chamwino, wilaya iliyopatikana mwaka 2007 pale Dodoma Vijijini ilipogawanywa ikazaa Bahi na Chamwino. Ukitoka mjini Dodoma kwa barabara ya Iringa unapita Mlowa Barabarani, Manzase na Fufu kabla ya kuteremka kuelekea bwawa la Mtera. Ukishika njia ya mashariki unafika Mvumi Makulu na Mvumi Mission, penye hospitali kongwe ya Kanisa Anglikana. Ni nchi ya uwele, mtama, karanga, ng'ombe na mbuzi, ambako mvua ikikatika mwezi Februari kila mtu anajua mwaka utakuwa wa namna gani, na ambako mgombea yeyote asiyezungumzia maji anapoteza muda wake. Jina la zamani lilitokana na bwawa hilo la Mto Ruaha Mkuu na kituo chake cha umeme cha megawati 80. Mwaka 2020 Tume ililibadili likawa Mvumi, sambamba na jirani yetu Chilonwa aliyebadilishwa kuwa Chamwino. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini anayefuatilia historia ya kiti kimoja lazima ajue kwamba mbunge wa Mtera wa mwaka 2015 na mbunge wa Mvumi wa mwaka 2020 ni mtu yule yule katika eneo lile lile, vinginevyo atahesabu majimbo mawili.

Sitakaa sana katika enzi ya ukoloni. Chaguzi za Baraza la Kutunga Sheria za mwaka 1958 na 1959 zilikuwa za kura tatu, yaani mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na TANU ilikubali kuingia katika mpango huo baada ya mjadala mkali katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958. Lipo, hata hivyo, tukio moja la uchaguzi wa Agosti 1960 ambalo nalitaja kwa sababu linahusu hasa jambo ninalolieleza. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, kaskazini ya Kondoa, ambako Herman Sarwatt, mwana TANU ambaye chama hakikumpitisha, aliingia kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama chake mwenyewe. Kwa hiyo hata kabla ya Uhuru wananchi wa eneo moja walipata nafasi ya kusema kwamba mtu aliyeachwa na vikao ndiye waliyemtaka wao, na sheria iliwaruhusu kusema hivyo katika sanduku la kura.

Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na hapa ndipo vijana wengi ninaozungumza nao huamini kwamba uchaguzi ulikufa. Mambo hayakuwa hivyo. Mkutano wa TANU wa wilaya ulipigia kura majina ya walioomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo, na wananchi wote wenye sifa, wawe wanachama au wasiwe, wakaamua kati ya hao wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Wagombea hawakuruhusiwa kufanya kampeni zao pembeni; walisimama katika mikutano ya pamoja iliyoandaliwa na chama, walizungumza Kiswahili, na walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi ya mtu kuomba kura. Katika uchaguzi huo mawaziri walianguka, akiwamo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, na chama kiliendelea kutawala bila kutikisika.

Mama yangu mkubwa, ambaye amekaa Mvumi Makulu maisha yake yote, anakumbuka mikutano ya namna hiyo vizuri kuliko anavyokumbuka ile ya juzi. Anasema wagombea wote wawili waliketi benchi moja chini ya mbuyu, karibu na meza ya viongozi, na mmoja alipokuwa akisimama kueleza habari zake mwenzake alikuwa hana budi kunyamaza na kusikiliza, hata pale watu walipomcheka. Wazee waliuliza maswali yale yale kwa wote wawili: kisima, zahanati, mahindi ya njaa. Nilipomuuliza alimchagua nani, jina halikumjia kabisa. Alinijibu kwamba alilipa jembe, kwa sababu yule wa nyumba alijibu swali la kisima kana kwamba hajawahi kuteka maji. Jina limepotea, lakini sababu ya kura yake bado anayo mkononi baada ya miongo mingi, na mimi naiona kuwa ni ushahidi mzito zaidi ya takwimu za waliojitokeza.

Sisemi hayo ili kuutetea mfumo wa chama kimoja. Majina mawili yaliyofika kwa mama mkubwa yalikuwa yameshachujwa mbali na macho yake, na kwa rais hakukuwa na chaguo isipokuwa kusema ndiyo au hapana kwa jina moja. Lakini katika ngazi ya jimbo mpangilio ulikuwa kwamba vikao vinachuja na wananchi wote wanaamua, na mpangilio huo ulipinduka baada ya mwaka 1992 bila watu wengi kuutazama kwa makini. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta asilimia 80 ya waliotoa maoni wakipendelea kubaki na chama kimoja na asilimia 20 wakitaka vyama vingi, ikapendekeza vyama vingi, na kuanzia Julai 1992 vikaruhusiwa. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika Oktoba 1995. Sasa kila chama kilisimamisha mgombea mmoja tu. Pale ambapo vyama viwili vilikuwa na nguvu zinazokaribiana, kama ilivyokuwa Kilimanjaro, mwananchi alipata chaguo pana zaidi ya lile la jembe na nyumba. Pale ambapo chama kimoja kilikuwa na matawi kila kitongoji na vingine havina hata ofisi, kama ilivyokuwa kwetu, chaguo halisi lilihama kutoka kwa wananchi wote likaenda kwa wale wachache waliopiga kura za maoni ndani ya CCM, chama kilichoirithi TANU. Kwa mama mkubwa, ambaye hakuwahi kuwa mjumbe wa mkutano wowote, vyama vingi vilimwachia sauti ndogo kuliko aliyokuwa nayo. Hilo linaniuma, na nadhani lilipaswa kuwauma wengi zaidi.

Kwa miaka hiyo ya kwanza mbunge wa Mtera alikuwa Mzee John Samuel Malecela, mzaliwa wa eneo hilo, Waziri Mkuu kuanzia Novemba 1990 hadi Desemba 1994, na baadaye Makamu Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 2007. Aliomba kuteuliwa kugombea urais mwaka 1995 na tena mwaka 2005, na mara zote mbili vikao vya juu vilimwacha, lakini jimboni hapakuonekana mtu wa kumsogelea. Watu walimwita Tingatinga. Katika kipindi hicho kura za maoni za CCM zilipigwa na wajumbe wa mkutano wa jimbo, watu wanaofahamika kwa majina, ambao mgombea mwenye mtandao wa muda mrefu aliweza kuwafikia mmoja mmoja. Ni enzi hiyo hiyo ambayo sheria iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006.

Kisha ukaja mwaka 2010, na kwa maoni yangu huo ndio mwaka mkubwa kuliko yote katika historia ya jimbo hili. CCM iliamua kwamba safari hii mgombea ubunge atapigiwa kura na wanachama wote katika matawi yao, si wajumbe peke yao. Niliona upigaji kura huo katika tawi moja la Tarafa ya Mvumi. Foleni ilianza kabla jua halijapanda, akina mama wakiwa na kadi za kijani wamezifunga katika pindo la khanga. Katibu wa tawi alikuwa na daftari la wanachama lililochanika jalada. Alilaza rula chini ya kila jina, akafungua kadi kutazama kama ada imelipwa, kisha akaita jina kwa sauti ili walio jirani wathibitishe kwamba ndiye. Baadhi ya kadi zilikuwa mpya kiasi kwamba mikunjo yake haijashika, na palizuka ubishi juu ya mzee mmoja ambaye kila mtu alimjua kuwa mwana TANU wa zamani lakini jina lake halikuwamo daftarini. Mzee huyo hakupiga kura. Karatasi zilihesabiwa jioni juu ya dawati, na matokeo ya tawi yakaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari la shule, yakatiwa saini na kupelekwa katani kwa baiskeli.

Matokeo yalipojumlishwa, Malecela alikuwa ameshindwa na Livingstone Lusinde, kijana kwa kulinganishwa naye, mzungumzaji hodari wa majukwaani, anayejulikana kwa jina la Kibajaji. Oktoba mwaka huo Lusinde alichaguliwa kuwa mbunge wa Mtera, akarudi mwaka 2015, na mwaka 2020 akaendelea chini ya jina jipya la jimbo. Nimesikia sababu nyingi za kuanguka kwa Malecela: umri, uchovu wa watu kumwona mtu mmoja, ahadi za barabara na maji. Zote huenda zina ukweli ndani yake. Mimi naweka mbele kanuni yenyewe. Ukiwapa kura wajumbe, unampa nguvu anayewajua wajumbe. Ukiwapa kura wanachama wote, unampa nguvu anayeweza kusimama mnadani Mlowa Barabarani na kuwashika watu kwa maneno. Kama wapiga kura wangekuwa wale wale wa mwaka 2005, nina shaka kubwa kwamba Tingatinga angeondoka mwaka ule.

Katika nyumba hiyo hiyo ya Mzee Malecela upo mfano unaoonyesha tofauti ya majimbo. Mke wake, Anne Kilango Malecela, alikuwa mbunge wa Same Mashariki, mkoani Kilimanjaro, tangu mwaka 2005, na mwaka ule wa 2010 yeye alivuka salama. Aliposhindwa, mwaka 2015, alishindwa katika uchaguzi mkuu, na aliyemshinda alikuwa Naghenjwa Kaboyoka wa chama cha upinzani cha CHADEMA; mwaka 2020 Kilango akarejea. Mume aliondolewa na wenye kadi za chama kwa kura ambazo Tume haikuzihesabu. Mke aliondolewa na wapiga kura wote, na matokeo yake yamehifadhiwa serikalini, kura kwa kura.

Wala haitupasi kudhani kwamba kushinda kura za maoni ni kumaliza kazi. Mwaka huo huo wa 2010, huko Nzega, Hussein Bashe aliongoza kura za maoni, vikao vya juu vya chama vikalikata jina lake kwa hoja ya uraia, na Hamisi Kigwangalla ndiye aliyeteuliwa. Mwaka 2020 CCM ilirudisha kura kwa wajumbe, na maneno «kura hazikutosha» yakawa salamu ya mjini. Kwa jirani zetu wa Chilonwa, mbunge aliyekuwapo, Joel Mwaka, alimpisha Deogratius Ndejembi. Mwaka 2025 idadi ya wapiga kura wa ndani ya chama ikapanuliwa tena. Kwa hiyo katika chaguzi nne kanuni ya nani anachagua imegeuka mara tatu, na kila inapogeuka, aina ya mtu anayeweza kuwa mbunge wa Mvumi inageuka pia, bila wananchi wasio na kadi kuulizwa lolote. Aliyekatwa naye hana mlango wa Sarwatt, kwa kuwa Ibara ya 67 ya Katiba inataka mbunge awe mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitamka, katika shauri lililohusisha Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka Mkataba wa Afrika, lakini Ibara ya 67 ingali inasomeka vile vile. Aliyeachwa hubaki na njia ya kuhama chama, na kwetu kuhama chama ni kuhama ukoo.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ndiyo tabia ya Kanda ya Kati. Naomba atazame Singida Mashariki, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Jimbo hilo lilitokana na kugawanywa kwa Singida Kusini mwaka 2010, na mwaka huo huo likamchagua Tundu Lissu wa CHADEMA, likamrudisha mwaka 2015. Wakulima wa alizeti wa Ikungi hawana tofauti kubwa na wakulima wa karanga wa Handali, lakini walipata upinzani wenye miguu hadi vijijini, na uchaguzi wao mkuu ukawa na uzito. Lissu alipigwa risasi hapa Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akapelekwa kutibiwa nje ya nchi, na tarehe 28 Juni 2019 Spika Job Ndugai, mbunge wa Kongwa, alitangaza kwamba kiti hicho kiko wazi kwa hoja za utoro bungeni na kutowasilisha tamko la mali. Katika uchaguzi mdogo uliofuata Miraji Mtaturu wa CCM alipita bila kupingwa. Wananchi waliokwenda kupiga kura mara mbili na kusikilizwa, mara ya tatu hawakupata hata karatasi ya kura.

Kupita bila kupingwa kulikuwa kumeshakuwa jambo la kawaida mno, na mwaka 2020 wagombea kadhaa wa CCM nchini, akiwamo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kule Ruangwa, waliingia bungeni kwa njia hiyo. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa utaratibu huo: mgombea akibaki peke yake, wananchi watampigia kura ya ndiyo au hapana. Naona ni hatua njema kwa sababu angalau inamrudisha mwananchi kituoni. Lakini haigusi kiini cha jambo, kwani anayeulizwa ndiyo au hapana bado hajui jina hilo lilishindana na majina gani. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura, na kwa maeneo kama yetu hilo lilizidi kuzipa uzito kura za ndani ya chama tawala.

Mipaka nayo inaendelea kusogea. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya mwaka 2012 na watu 765,179 katika sensa ya mwaka 2022, baada ya serikali kuhamia, na Mei 2025 Tume ikaligawa Jimbo la Dodoma Mjini, likapatikana Jimbo la Mtumba. Anthony Mavunde, aliyekuwa mbunge wa Dodoma Mjini tangu mwaka 2015, akahamia Mtumba. Atakayekuja kuandika historia ya viti hivi baada ya miaka 30 atapata ramani, tangazo la Tume na takwimu za sensa. Atapata jina la mshindi na idadi ya kura zake za Oktoba. Hatapata waliokuwa wameomba, wala tawi gani lilimpa nani, wala kwa nini aliyeongoza hakuteuliwa.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, maana yake dola yenyewe inakiri kwamba kura hizo zina maslahi ya umma. Ikiwa fedha zinazotumika humo zinaweza kutolewa taarifa, matokeo yake yanaweza kutunzwa. Ningependa kila chama kiweke nakala ya matokeo ya kura za maoni ya kila kata kwenye maktaba ya mkoa au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, hata kama yatafunguliwa baada ya muda fulani kupita. Kwa sasa karatasi zile za mwaka 2010 ziko, kama bado zipo, kwenye masanduku ya makatibu waliostaafu, na kila anayekaa Dodoma anajua mchwa wetu wanavyofanya kazi. Nimeanza na kata tatu, Mvumi Makulu, Handali na Manzase, nikinakili chochote ambacho wenyewe wananiruhusu kukiona: fomu za matokeo, orodha za waombaji, madaftari ya mahudhurio. Aliye na karatasi za Fufu, Mpwayungu au Mlowa Bwawani, za mwaka wowote kuanzia 1995, nitazifuata mwenyewe, nizipige picha mbele yake na kumwachia asili yake.